Kurasa Sita za Swali la Tano

Chaani, Changamwe
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Pokea na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni ya heshima kama siku zote, na hii ya pili ni ya kukuomba radhi kabla sijaanza. Presha yako inaendeleaje? Vile vidonge unavimeza kila asubuhi kama daktari alivyosema, au unangoja mpaka kichwa kikuume? Na mguu wa Baba umepona, au bado anaukokota kwenda kwenye mkonge? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, joto la Changamwe nimelizoea, na malori yanayopita mchana kutwa siyasikii tena mpaka mtu anikumbushe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Mama, simu imenishinda. Mara nne nimekupigia nikiwa na maneno haya mdomoni, na mara zote nne nimeishia kukuuliza habari za kuku. Ndiyo nikaona niandike, nimpe fundi Kazungu anayekuja huko Taveta kufunga mashine ya maji, akukabidhi mkononi mwako. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata Baba. Ukishaisoma, wewe ndiye utakayeamua Baba ajue nini. Naomba uisome ukiwa umekaa, tena mchana.

Nianze na uongo wangu. Ulipoulizia matokeo ya mtihani wa muhula uliopita nilikwambia bado hayajatoka. Yalikuwa yametoka wiki tatu nyuma. Nilifaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo nililokuwa nikijigamba nalo kwako: huduma ya kwanza. Nilipata alama thelathini na saba, na anayetaka kufaulu anatakiwa afikishe hamsini.

Sikuamini. Siku ya mtihani nilitoka chumbani nikiwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimejibu maswali yote, nikaomba na karatasi za ziada, na nilipokwenda kukabidhi kazi yangu kidole kilikuwa kimeingia alama ya kalamu. Zuhura, yule msichana wa Vanga ninayeishi naye chumba kimoja na kusoma naye darasa moja, aliniuliza pale nje, "Swali la tano umelionaje?" Nikamjibu, "Hilo ndilo nililolifurahia." Swali hilo lilikuwa na alama arubaini peke yake. Lilitutaka tueleze, hatua kwa hatua, namna ya kumhudumia mtoto aliyetolewa majini. Hatua zile nazijua kama Sala ya Bwana, mama. Nilizifanyia mazoezi kwenye mto wa kulalia mpaka Zuhura akawa ananicheka.

Kwa hivyo matokeo yalipokuja kwenye simu nilidhani wamekosea kujumlisha, kisha nikadhani labda mimi ni mjinga na sijijui. Siku mbili sikwenda darasani. Nililala nikiutazama ukuta, nikikufikiria wewe unavyowaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yako karibu atavaa nguo nyeupe ya hospitali. Siku ya tatu Zuhura akanivuta shuka.

"Nyevu, aibu haisahihishi karatasi. Inuka ukaombe uonyeshwe ulipokosea."

Nikaenda kwa Mwalimu Wanza, ndiye anayetufundisha somo lile. Ni mama wa makamo, mtu wa bara, aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kushika chaki, na maneno yake ni machache. Nilimkuta ofisini peke yake. Nilipomwambia nimekuja kuona karatasi yangu hakuniuliza sababu. Alifungua kabati akaitoa. Haikuwa pamoja na za wenzangu. Ilikuwa imewekwa kando, ndani ya bahasha.

"Nilijua utakuja," akasema. "Hii ni hati yako?"

Nikatazama. "Ni hati yangu, mwalimu."

Ilikuwa yangu. Ile herufi g ninayoivuta mkia mpaka mstari wa chini ilikuwepo kila mahali. Maswali manne ya kwanza yalikuwa sawa, Kiingereza chake changu na makosa yake yangu. Nikafunua swali la tano. Kurasa sita, zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini hapakuwa na Kiingereza. Kilikuwa ni Kiswahili kama anavyosema mtoto mdogo, sentensi fupi fupi, na ndani yake hapakuwa na hatua hata moja ya huduma ya kwanza.

Nakuandikia mistari ya mwanzo kama ilivyokuwa, maana nimeikariri bila kutaka:

"Maji ya juu yana moto. Maji ya chini yana baridi. Mguu wangu mmoja umeshikwa na tope. Mama yuko ng'ambo anafua. Mama amenipa mgongo. Kilemba cha Mama ni cha manjano. Nyevu amekaa ukingoni. Nyevu ananitazama. Nyevu hasemi."

Nilisoma ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili, nikashindwa. Nilikuwa nasoma hati yangu mwenyewe, na aliyekuwa akisema ndani ya hati hiyo hakuwa mimi. Mimi nilikuwa pale kando, nimekaa, natazamwa kutoka majini.

"Uliandika nini hapa?" Mwalimu Wanza aliniuliza taratibu.

"Sijui, mwalimu. Nakumbuka niliandika hatua. Nakumbuka hata kupiga mstari chini ya neno kupumua."

"Mtihani ule nilisimamia mimi. Nilipita kwenye dawati lako mara mbili. Ulikuwa umeinamisha kichwa unaandika mbio, na mara ya pili nikakuuliza kama unaumwa, kwa sababu nilikuona umebana pumzi. Hukunijibu." Akanitazama kidogo. "Una ndugu aliyefia majini?"

Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa moyo mweupe, kwa kuwa ndivyo nilivyojua. Nikamrudishia karatasi yake. Akasema nitaandika mtihani wa marudio baada ya wiki sita, na kwamba ile karatasi hatamwonyesha mtu.

Nilirudi Chaani kwa miguu, jua la saa nane kichwani, na njia nzima nilikuwa nahisi baridi kwenye nyayo, kama mtu aliyevaa viatu vilivyolowa. Nilipofika nilivivua nikavichungulia. Vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi la barabara.

Wiki iliyofuata nilijitia kwenye vitabu. Nilijiambia ni uchovu, na kwamba wanafunzi wengi huchanganyikiwa wakati wa mtihani. Lakini asubuhi moja nilifungua daftari nikakuta pembeni mwa ukurasa pameandikwa neno moja kwa penseli: Umazi. Hati yangu. Simjui mtu wa jina hilo hapa chuoni, wala kanisani, wala huko kwenu kwenye kambi ya mkonge. Nikalifuta. Siku ya pili nikalikuta ukurasa mwingine. Siku ya tatu nilificha penseli, nikalikuta limeandikwa kwa kalamu, na chini yake limeandikwa tena, kubwa zaidi, kama mtu anayeona hasikilizwi.

Zuhura sikumwambia. Yeye ndiye aliyeniambia. Ilikuwa Jumamosi, nimeamka kutoka usingizi wa mchana, naye amekaa kitandani kwake na buibui hajavua, ananitazama.

"Nyevu, nitakwambia jambo, na usinichukie."

"Sema."

"Nilipotoka dukani nilikukuta umekaa sakafuni, miguu umeitia ndani ya beseni la kufulia. Nikakuita Nyevu mara tatu, hukuitika. Mara ya nne ukanambia, 'Nyevu yuko kule ukingoni.' Na sauti haikuwa hii yako. Kisha ukainuka, ukalala." Akaanza kuvua buibui lake. "Wallahi sikusemi vibaya. Bibi yangu angefukiza ubani akakusomea, lakini mimi naona uanze na watu wako. Wao ndio wanaoujua mwanzo wako."

Nilitazama miguu yangu. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana, kama ya mtu aliyeshinda akifua.

Mama, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni wewe. Nilishika simu kabisa. Kisha nikakumbuka siku ile presha ilipopanda ukaanguka jikoni, nikaogopa. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalokuombea radhi. Nilikwenda Shika Adabu, ng'ambo ya feri, kwa mama mdogo Mbeyu. Najua ni mdogo wako wa tumbo moja na najua hamsemezani. Najua ulinikataza nisimzoee. Nambari yake nilikuwa nayo kwa sababu alinitumia salamu nilipofika Mombasa, nami sikumjibu, mpaka siku hiyo.

Feri sikutaka kuipanda. Nilichukua pikipiki tukapita barabara ya Dongo Kundu, nikidhani huko nitakwepa maji, na tulipofika kwenye daraja nikafumba macho mpaka mwendeshaji akanambia, "Fungua, dada, tumeshavuka."

Mama mdogo anashona nguo barazani kwake. Alinitambua kabla sijasema jina. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana, akaniwekea mihogo ya nazi na chai. Aliniuliza kama afya yako ni njema, akainama kwenye cherehani yake kabla sijamjibu vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilichosema ni hiki tu: "Mama mdogo, Umazi ni nani?"

Cherehani ikasimama. Aliinuka akanishika mkono akaniingiza ndani, akafunga mlango, na joto lilikuwa la kukaanga.

"Nani amekwambia jina hilo? Ni mama yako?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeliandika mwenyewe."

Nikamweleza yote, kutoka alama thelathini na saba mpaka beseni. Alisikiliza amekunja mikono. Nilipofika kwenye kilemba cha manjano ndipo alipoanza kulia.

"Kile kilemba nilimpa mimi," akasema. "Nilikinunua Kinango siku ya soko, na siku ile ndiyo alikuwa anakifunga mara ya kwanza. Jioni yake alikitia motoni. Picha hakuna, Nyevu. Hakuna mtu ambaye angeweza kukwambia rangi yake."

Basi akanieleza. Usimkasirikie, mama, nilimlazimisha. Aliniambia kwamba nilikuwa na dada, jina lake Umazi, mwenye miaka mitano, nami nina mitatu. Aliniambia habari za bwawa la ng'ombe karibu na boma letu la zamani, huko mbele ya Kinango, ambako sijawahi kurudi tangu nipate akili. Wewe ulikuwa upande wa mawe unafua, sisi upande wa pili tunafinyanga udongo, na ulipogeuka uliona mtoto mmoja. Aliniambia kwamba mimi nilikutwa nimekaa kwenye tope, nguo yangu kavu, nayatazama maji, na kwamba sikulia, wala sikusema neno kwa miezi mitatu. Baadaye Baba akapata kazi ya mkonge, mkahamia Taveta ambako hakuna aliyewajua, mkaapishana jina lile lisitajwe mbele yangu ili nikue bila kivuli.

Silaumu hilo. Nataka uliamini hilo kabla hujaendelea kusoma. Mliyempoteza alikuwa mmoja, na mlikuwa mkimwokoa aliyebaki kwa njia mliyoijua.

Kisha nikamuuliza mama mdogo kwa nini ninyi wawili hamsemi.

"Siku ya mazishi nilimuuliza, 'Ulikuwa unatazama wapi?' Niliuliza kwa uchungu, lakini swali likishatoka halirudi. Na alichonijibu ndicho kinachonila mpaka leo. Alisema, 'Macho sikuwa nayo, Mbeyu, lakini masikio nilikuwa nayo. Lazima aliniita. Aliniita, na mimi nikawa napiga nguo kwenye jiwe, nikaifunika sauti yake.' Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu."

Mama, nilipolisikia hilo nilikuona wewe huko kambini. Mtoto wa jirani akipiga kelele ya mchezo tu, wewe unaacha sufuria motoni unatoka nje mbio, unasimama uani unahesabu watoto wa watu. Mimi na mdogo wangu Kadzo tulikuwa tukikucheka. Tulikuwa tunakuiga hata. Nisamehe.

Jumatatu nilirudi kwa Mwalimu Wanza. Nikamwambia, "Mwalimu, nilikudanganya bila kujua. Nilikuwa na dada." Nikamwomba nisome kurasa zilizobaki. Alinipa bahasha, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo, akitazama yale matangi ya mafuta ya upande wa pili. Nilizisoma zote sita.

Nitakwambia kilichokuwa ukurasa wa mwisho. Lakini kwanza nimalize habari za masomo, ili ukifika huko usiwe na wasiwasi mwingine juu yangu.

Mtihani wa marudio niliufanya mwezi uliopita. Mwalimu alikuwa ameniuliza kama ningependa nisikutane tena na swali la kuzama, nikamwambia asiliondoe kwa ajili yangu. Alinipa ushauri mmoja tu: "Vuta pumzi kila unapofungua ukurasa. Na ukihisi anakuja, usimfukuze kwa ukali. Ni mtoto."

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Nilipofika kwenye lile, mkono ulianza kupoa kutoka kwenye kucha kupanda kiganjani. Nikasikia maji, mama, si kwa masikio, ni kama mtu anavyosikia damu yake akiziba sikio kwa kidole. Harufu ya tope ilikuja mle darasani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nikaandika juu ya ukurasa, kwa Kiswahili: "Umazi, ngoja kidogo, nimalize." Kisha nikaweka kalamu chini nikasubiri. Nilihisi kama mtu aliyekuwa ameniegemea begani, uzito mdogo tu, akajiondoa. Nikaandika hatua zote, na kila baada ya mistari mitatu nilirudi kusoma nihakikishe ni maneno yangu.

Nilipata sitini na moja. Lakini chuo hakimpi anayerudia mtihani zaidi ya daraja la C, hata apate mia. Hilo ndilo litakalokaa kwenye cheti changu maisha yangu yote, na mwenye kuajiri akilitazama ataona tu kwamba Nyevu alikuwa wa kawaida kwenye huduma ya kwanza. Zuhura na wenzangu wengine wamechaguliwa kwenda hospitali kubwa kwa mafunzo ya vitendo. Mimi nitaanzia zahanati ya huku huku Changamwe, kufunga vidonda vya wapakiaji mizigo. Siku waliposoma majina nilijifungia nikalia. Asubuhi nikaoga, nikaenda kujiandikisha zahanati. Mganga mkuu wa pale aliniuliza daraja langu, nikamtajia bila kuinamisha kichwa. Akasema, "Utaanza Jumatatu." Nimeshafanya wiki mbili. Jana nilimshona mtu kidole, naye akasema hakusikia kitu, ingawa nadhani alikuwa ananipa moyo.

Tangu siku ya marudio jina lile halijajiandika tena. Beseni nalitumia kama kawaida. Ila maji yakitulia ndani yake siyatazami.

Sasa ukurasa wa sita. Kurasa za katikati sitakuandikia, labda siku tukikaa pamoja ukataka. Maneno yake yanazidi kuwa machache kila ukurasa, na hati inakuwa kubwa kubwa, mpaka mwishoni mstari mmoja una neno moja au mawili. Karatasi yenyewe hairuhusiwi kutoka chuoni, lakini mwalimu aliniacha ninakili. Mistari ya mwisho ni hii:

"Mama anapiga nguo. Mdomo umejaa maji. Sikuita. Mwambie Mama sikuita."

Pembeni mwa mistari hiyo kuna alama ya vema, kwa wino mwekundu. Kurasa zote sita hazina alama nyingine, wala kosa halikutiwa popote. Katika zile thelathini na saba, moja ilitoka hapo. Nikamuuliza Mwalimu Wanza, "Mbona hapa ulinipa alama?"

Aligeuka kutoka dirishani. Alisema, "Kwa sababu ni kweli. Anayezama haiti. Hana pumzi ya kuitia, kila anachokipata kidogo anakitumia kuvuta hewa. Miaka niliyofanya kazi nilipokea watoto watatu waliotoka majini. Mama zao wote walikuwa karibu, mmoja alikuwa hatua kumi. Hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusikia. Na hilo sikuwa nimewafundisha bado. Liko kwenye masomo ya muhula huu. Nilipolikuta pale nilishindwa kulipita, nikalipa haki yake."

Mama, sijui ni nani aliyeziandika kurasa zile. Mwalimu anasema huenda ni mimi wa miaka mitatu, aliyeona kila kitu akakosa maneno, mpaka siku nilipopewa swali linalomhusu. Zuhura ana maelezo yake, na mama mdogo ana yake. Mimi nimeacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba nimetumwa kwako, na ujumbe huu si wa kufikishwa kwa simu. Hukuifunika sauti yake. Hapakuwa na sauti. Ungekuwa umekaa kimya kabisa bila kupiga nguo hata moja, usingesikia. Hata mimi niliyekuwa namtazama sikujua kwamba alikuwa anakufa. Nilidhani anacheza.

Ukimaliza kusoma hapa, weka barua chini unywe maji, umeze na kidonge chako.

Mama mdogo Mbeyu hakunituma neno, aliona hana haki. Ila nilipokuwa natoka alisema kaburi analipalilia kila mwaka baada ya mvua, na kwamba njia ya kwenda kule bado anaijua. Mimi nitapata likizo mwezi wa Desemba. Ukitaka, nitakuja nikuchukue, tushukie kwake, twende sote watatu. Usipotaka, nitakwenda peke yangu na nitamsalimia kwa niaba yako.

Mpe Baba salamu zangu, mwambie mguu aukande kwa maji moto ya chumvi, na hilo si la kubahatisha, nimelisomea. Msalimie mama mchungaji aliyekufundisha kusoma, leo namshukuru kuliko siku zote. Mwambie mdogo wangu Kadzo ahifadhi viatu vyangu vya kanisani na asivivae kuchotea maji, na akufulie nguo wiki hii, wewe upumzike. Zuhura anakuamkia, anasema ni mtoto wako pia.

Nakuombea usingizi mwema, mama, usingizi wa mtu asiyesikiliza kitu.

Ni mimi, mwanao wa pili,

Nyevu